Nanga Kwenye Nyasi za Kitale

Fundi alikuwa akitupa nanga kila mvua ilipotaka kunyesha, na tulikuwa Kitale, ambako maji makubwa kuliko yote yalikuwa josho la ng'ombe. Wingu likianza kushuka kutoka Mlima Elgon, mnamo saa nane au saa tisa za mchana, ungemwona akipanda ngazi mbio, akikumbatia lile dude la chuma kwa mikono miwili na kulibwaga nje ya mashua. Lilianguka kwenye nyasi kwa kishindo. Kisha alivuta mnyororo kuona kama limeshika, akashuka ndani, akafunga kifuniko juu ya kichwa chake, na hapo humwoni tena mpaka mvua iishe.

Mimi nilikuwa karani wa stoo katika shamba lililokuwa na mashua hiyo. Nimejaribu mara nyingi kuwaeleza watu habari za mtu huyu, na kila nikianza najikuta nimepotea njiani. Wananiuliza kama alikuwa mwendawazimu, nasema hapana. Wananiuliza kama alikuwa na akili timamu, hapo nasita. Nimemfahamu zaidi ya miaka kumi, nimekunywa chai yake, nimemtendea jambo baya kuliko yote niliyowahi kumtendea mtu, na bado siwezi kusema alikuwa mtu wa namna gani.

Mashua yenyewe haikuwa yake. Bwana mwenye shamba aliinunua Kisumu, ikiwa imechakaa, akaileta kwa treni mpaka stesheni ya Kitale. Kutoka hapo ng'ombe kumi na sita waliivuta kwa gari mpaka shambani, watu wakitoka majumbani kuona nyumba inayotembea. Tuliiweka chini ya mikaratusi, juu ya magogo. Bwana alitaka itengenezwe karibu naye, halafu irudishwe ziwani, na fundi wa mbao aliyekuwa karibu ni huyu. Hadi siku ile alikuwa ametengeneza milango, magurudumu na majeneza. Ziwa hakuwahi kuliona hata kwa mbali. Lakini Bwana alimwambia mashua isiyokaliwa huoza kama nyumba isiyokaliwa, kwa hiyo akahamia humo na jiko lake la praimasi, blanketi na sanduku la zana. Mkewe alibaki nyumbani kwao Kabuchai, akilima mahindi.

Jioni Bwana alikuwa akija kukaa naye ndani ya chombo, akimsimulia maisha ya ziwani. Alimwambia kwamba watu wanaoishi majini, hali ya hewa ikichafuka, huingia kwenye ghuba iliyo kimya, wakatupa nanga, wakajifungia. Wanapika, wanashona matanga, wanalala. Siku mbili, siku kumi, haidhuru. Fundi aliyashika maneno hayo kuliko yale ya kanisani. Bwana alipoondoka kwenda Vita vya Pili vya Dunia, Fundi aliendelea na mafunzo peke yake.

Siku moja mvua ya mawe ilinikuta nikitoka kwenye zizi. Nilikimbilia mashuani, nikapanda ngazi huku nimejifunika kichwa kwa gunia.

"Ingia haraka, Karani, ufunge," Fundi aliniambia. "Unaniletea mawimbi ndani."

"Mawimbi gani, Mzee? Si hii ni mvua ya mawe tu."

"Mvua ya mawe ni ya watu wa nyumba. Sisi tuko chomboni, bana."

Alinipa chai kwenye kikombe cha bati. Juu yetu mawe yalipiga mbao hata tukawa tunapigiana kelele kama watu wa pande mbili za mto. Nilimwambia mahindi yangu yako nje kwenye turubai, kwamba lazima nitoke. Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mgonjwa.

"Wewe ni mtu wa haraka sana. Hali ya hewa ikikuwa mbaya, mtu wa chombo ako na kazi moja tu. Asiende."

"Na isipotulia?"

"Haijatulia, basi. Unapika tena."

Nilicheka mpaka chai ikanimwagikia. Yeye hakucheka. Halafu nilipoacha kucheka, yeye ndiye akaanza, akacheka peke yake kwa muda, nami sikujua anacheka nini.

Ndivyo alivyokuwa. Mtu huyu aliyekuwa akiishi ndani ya chombo aliogopa maji kupita kiasi. Kuvuka daraja la mto Nzoia alikuwa akifumba macho, ameshika koti la mtu aliyetangulia. Kuoga alioga kwa karai, kidogo kidogo. Aliwadharau wale waliokwenda kwa waganga wa mvua, akawaita watu wa giza, na papo hapo ungemsikia akiliamkia wingu kwa heshima zote: "Mulembe, Mzee. Leo unapitia wapi?" Majeneza ya watu wengine aliyatengeneza vizuri mno, akayapiga msasa hata ndani, mahali ambapo hakuna atakayeona. Lakini neno lenyewe, kufa, sikumsikia akilitamka. Watu kwake walikuwa "wamehama" au "wamemaliza msimu."

Na kazi yake alijua, ila mashua ilimshinda kwa namna ambayo ingemshinda fundi yeyote wa huku kwetu. Kiangazi cha kwanza jua la Kitale lilizikausha mbao mpaka nyufa zikafunguka, ukawa unaweza kupitisha kidole. Fundi aliona aibu. Mlango wenye ufa ni mlango mbaya, na yeye hakuwa fundi wa milango mibaya. Akachonga vipande vyembamba vya mvule, akavigongomea katika kila ufa, akamimina utomvu juu, akalainisha hata ungesema chombo kimechongwa kwenye gogo moja. Alinivuta mkono kunionyesha. Mvua za masika zilipokuja, mbao zilikunywa maji zikavimba, na kwa kuwa hazikuwa na pa kuvimbia, zikaanza kuvunja mbavu za mashua. Nilikuwa mlangoni pa stoo nikasikia mlio wa kwanza nikadhani ni bunduki. Ulifuata wa pili. Fundi alikaa chini kwenye matope, mvua ikimnyeshea, bila hata kutupa nanga.

"Kumbe zile nyufa zilikuwa za kazi," alisema.

Alikuwa na mtoto wa kwanza, Khaemba, aliyejiandikisha jeshini kutokea hapo hapo shambani. Kijana mrefu, wa kuinama mlangoni. Alipokuwa ameondoka, Fundi alitengeneza kitanda cha pili ndani ya mashua, upande wa pili wa kile chake, akakipima kwa kamba aliyokuwa amempimia mwanawe siku ya kuagana. Akirudi, alisema, watakaa chomboni wote wawili, wakingoja Bwana arudi awapeleke ziwani. Kila asubuhi alikifagia kitanda hicho ingawa hakuna aliyekilalia.

Barua ilikuja ndani ya bahasha ya kahawia yenye mhuri wa serikali. Fundi aliileta stoo mwenyewe, amevua kofia, maranda ya mbao yamemjaa ndevuni.

"Soma, Karani."

Kiingereza changu cha misheni kilitosha, na ninasema hivi ili mtu asinitafutie udhuru. Nilielewa kila neno. Meli iliyokuwa imewabeba askari ilikuwa imezama. Khaemba hakuwa miongoni mwa waliookolewa, na serikali ilimhesabu amekufa. Nilisoma kimoyomoyo mpaka sahihi ya mwisho. Nilipoinua kichwa nilimwona ananingoja, na nyuma yake, mlangoni, wingu lilikuwa linashuka kutoka mlimani. Sijui kilichonipata. Nilisikia mdomo wangu ukisema:

"Wanasema meli ya Khaemba imekutana na hali ya hewa mbaya. Imejificha mahali. Inangoja."

Alifikiri.

"Wametupa nanga?"

"Wametupa."

"Basi vizuri," akasema, akavaa kofia yake na kwenda kuitupa ya kwake.

Barua nilibaki nayo mkononi, hakuiomba. Nilijiambia nitamweleza kesho, tukiwa na mzee wa kanisa, na mama wa kijana akiwa ameitwa. Kesho yake nikasema kesho. Baada ya wiki moja nilikuwa nazunguka nyuma ya ghala ili nisipite karibu na mashua. Baada ya miezi miwili yeye ndiye aliyekuwa ananifuata kunieleza habari za meli ile: kwamba kule ni ghuba nzuri, kwamba wana unga wa kutosha, kwamba pepo za huko ni ndefu kuliko za kwetu. Nilikuwa nimempa uongo mdogo kama mbegu, naye akaulimia shamba zima. Nilimsikiliza nikiitikia kwa kichwa, na nakiri kwamba siku nyingine nilianza kuiona meli hiyo na mimi, imetulia, Khaemba amekaa juu anamenya viazi. Nilikuwa sijui tena nani anamdanganya nani.

Mama Khaemba alikuja Kitale kwa miguu. Alisimama stoo, vumbi mpaka magotini, hakutaka kukaa.

"Kalani, niambie mbele ya Mungu. Huko Chwele kuna mama amelia mtoto yake. Walikuwa meli moja na yangu. Hiyo balua ilisema nini?"

Fundi alikuwa amemfuata, amesimama mlangoni. Nilimtazama mama, nikamtazama yeye. Ingetosha sentensi moja.

"Ilisema wanangoja, Mama."

Hakulia wala hakushukuru. Aligeuka akamtazama mumewe.

"Si nilikuambia?" Fundi alisema. "Twende unywe chai."

Walipokuwa wanatoka, Fundi aligeuza kichwa akanitazama juu ya bega. Mtazamo huo nimeugeuza kila upande kwa miaka yote hii. Haukuwa wa hasira. Kama ungenilazimisha kusema, ningesema ulikuwa wa kunihurumia, lakini kwa nini anihurumie mimi?

Vita viliisha. Vijana walianza kurudi, wamevaa makoti ya jeshi, wana redio na hadithi. Wafanyakazi wa shamba wakaanza kumchokoza.

"Ati Fundi, hiyo meli imekwama kwa matope?"

"Hizo zingine ziliingia mapema," alijibu, akaendelea kupiga randa.

Bwana naye alirudi, amekonda, hana hamu na kitu. Alizunguka mashua mara moja, akaweka mkono kwenye mbavu zilizovunjika, akasema hiyo ni kuni. Fundi hakubisha. Aliomba apewe nanga tu, akapewa. Aliipakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe uliokuwa unaelekea Bungoma, na mbao za kile kitanda kirefu, akajiandaa kwenda kwao. Mimi pia nilikuwa nimepata kazi ya ualimu Mabanga, na siku ya kuagana nilijikaza.

"Fundi, ile barua..."

Aliinua mkono.

"Angalia juu, Karani. Mvua hiyo. Nenda kabla haijakukuta."

Nilitazama juu. Palikuwa na jua kali. Nikaondoka, na aibu ninayoisikia leo ni kwamba nilifurahi kunyamazishwa.

Kutoka Mabanga mpaka Kabuchai si mbali, baiskeli inafika kabla hujachoka. Miaka ilipita sikwenda hata mara moja. Nilioa, nikafundisha watoto wa watu kusoma na kuandika, nikawachapa waliosema uongo. Barua ilikaa kwenye mkebe wa kahawa juu ya kabati, na mke wangu alijua mkebe ule haufunguliwi.

Halafu nikakutana na Mama Khaemba huko Kanduyi, kando ya barabara, ameweka mikungu ya ndizi mbele yake. Alikuwa amezeeka. Mtoto wa kiume wa kama miaka mitatu alikuwa amekaa juu ya gunia, anakula ndizi. Tulisalimiana, akaniambia ni mjukuu, mtoto wa mwanawe mdogo. Nikauliza kama kila mtu anavyouliza:

"Anaitwa nani?"

"Haitwi."

Nilidhani ananitania. Wa kwetu hawahitaji kuelezwa jambo hili, lakini nitaeleza. Mtoto akizaliwa anatafutiwa mtu wa kumrudisha, mmoja wa waliokufa katika nyumba. Bibi anamshika, anaita majina ya marehemu moja baada ya jingine, na mtoto akiitwa jina lililo lake hutulia. Jina la mtu aliye hai, katika nyumba ile, halikuguswa kabisa, maana ni sawa na kumwita mwenyewe kaburini.

"Huyu alilia miezi saba," Mama Khaemba alisema. "Nimeita kuka ya Mzee, babu yake, nimeita wale walikufa na tauni, nimeita hata wa upande ya mimi. Imebaki jina moja. Mzee amekataa. Anasema mtu ako chomboni, huwezi peana jina yake. Tunamwita Mtoto tu. Atatahiliwa na jina gani, Kalani? Ataoa akiitwa Mtoto?"

Mtoto alinyoosha mkono, nikampokea ganda la ndizi.

"Mimi naye naisha. Nikienda sijalia kijana wangu, nani atabaki wa kumlilia?"

Alinichagulia ndizi zilizoiva, akanifungia, akakataa malipo kwa sababu mimi ni Karani wao. Nilizibeba mpaka nyumbani na sikuweza kula hata moja. Nilishusha mkebe. Mke wangu aliniona, akaacha alichokuwa anafanya.

Asubuhi nilipanda baiskeli. Nanga niliiona kabla ya kumwona mtu, imelala uani, nyasi zimeota katikati ya makucha yake. Fundi alikuwa amekaa mlangoni anapiga randa kipande cha mti, amepungua, koti linamvaa yeye.

"Umekuja, Karani."

"Nimekuja na barua."

"Ile?"

"Ile, Mzee."

Aliweka randa chini. Alimwita mkewe kutoka jikoni, akamwambia aje na mtoto. Halafu aliingia ndani, nikadhani amenikimbia, lakini alitoka amevaa kofia na amefunga vifungo vyote vya koti. Akasimama mbele yangu, akavua kofia.

"Soma. Toka mwanzo mpaka mwisho. Usiruke."

Nilisoma kwa Kiswahili, nikarudia kwa lugha yetu. Sauti ilinikatika mara mbili, na mara zote mbili alingoja. Nilipofika kwenye sahihi, Mama Khaemba alikuwa tayari ameanguka kwenye nyasi karibu na nanga, na kilio alichotoa kilisikika mpaka mashamba ya ng'ambo. Majirani wakaanza kuja mbio. Alilia kama aliyepewa habari ya jana, na ilikuwa imepita karibu miaka kumi. Nilipiga magoti pale uani, nikamwomba msamaha. Sidhani alinisikia.

Fundi hakulia. Aliniinua kwa mkono, mkono ule ule wa kazi, mgumu.

"Siku ile macho yako yaliteremka mpaka chini ya karatasi," alisema, "halafu mdomo ukaanza kusoma vitu havikuwa. Mimi ni fundi, Karani. Najua kipimo kikikosa."

"Kwa hivyo ulijua?"

"Siku ya mvua nilijua. Siku ya jua nilisema, huyu kijana wa misheni, mtu amesoma, hawezi kunidanganya."

"Si ungeniuliza!"

"Ningeuliza, ungesema. Na wewe ukisema, basi imekwisha." Alitazama nanga. "Wewe uliogopa kusema, mimi niliogopa kusikia. Tuliziba mbao zikiwa kavu, sisi wawili. Ona vile zimevunja huyu mama."

Sikujua kama ananisamehe au ananihukumu. Nilitaka kuuliza, na sikuwa na haki ya kuuliza. Mpaka leo sijaelewa ni mtu gani huyo anayeweza kumngoja mwongo miaka yote hiyo bila kumchukia, huku akimwacha mkewe mwenyewe akauke. Nilimpenda, na siku ile nilimkasirikia pia, na hasira ile ilikuwa yangu mwenyewe zaidi kuliko yake.

Wanawake walikuwa wamemzunguka Mama Khaemba. Mtoto alikuwa amesimama peke yake, kidole mdomoni, anawashangaa watu wazima. Fundi alivaa kofia yake, akamtazama, kisha akaita kwa sauti, kila mtu akanyamaza, hata mama yule pale chini.

"Khaemba."

Mtoto hakugeuka. Hakujua kwamba ni yeye.

"Wewe, Khaemba," Fundi alirudia, na sauti yake sasa ilikuwa imeanza kupasuka. "Lete kiti. Karani amesimama siku nyingi."

Mtoto akaingia ndani, akatoka akiburuta kigoda, akakiweka mbele ya miguu yangu.